Turbo na joto: kwa nini gari lililoongezwa nguvu huchemsha, na nini kianze kufanyika

Ni swali linalorudi mara kwa mara kwenye meseji za wasikilizaji wetu, kuanzia Mwanza mjini hadi Magu na Bunda. Mtu ana Subaru Forester au Impreza yenye turbo. Fundi amemwongezea presha ya turbo na gari linavuta kuliko zamani. Katika mizunguko ya mjini halisumbui. Likishika barabara ya Musoma na kukanyagwa nusu saa mfululizo, mshale wa joto unapanda, maji yanamwagika kutoka kwenye tangi la akiba, na safari inaishia kwa kuvutwa na gari jingine. Kosa liko wapi?

Jibu fupi ni hili: turbo haitoi nguvu ya bure. Kila nguvu ya ziada huja na joto la ziada, na joto hilo lazima lipate njia ya kutoka. Anayeongeza nguvu kabla ya kuandaa njia hiyo anakopa, na mdai wake ni injini yenyewe.

Joto linatoka wapi

Injini ya petroli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto: sehemu kubwa kupitia ekzosi, nyingine kupitia maji ya rejeta na oili. Ukichoma mafuta mengi zaidi kwa dakika ili upate nguvu zaidi, joto nalo linaongezeka. Rejeta, feni na pampu ya maji zinabaki zilezile za kiwandani, na pengine zina umri wa miaka ishirini.

Turbo yenyewe ni mapanga mawili yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moshi wa ekzosi, ambao gari likikanyagwa sana unaweza kupita nyuzi joto 800, huzungusha panga la kwanza. La pili huvuta hewa, huibana na kuisukuma ndani ya injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya oili nyembamba.

Hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi mdomo wa pampu unavyochoma vidole. Kwenye turbo ni zaidi ya hapo. Hewa ikiingia ikiwa na nyuzi 30 na kubanwa kwa bar 1 juu ya presha ya nje, inaweza kutoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 120. Ndiyo maana ipo intakula, rejeta ya kupoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda.

Mwanza iko juu kuliko tunavyodhani

Kwa kuwa tunaishi kando ya maji, ni rahisi kusahau kwamba Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, presha ya hewa ni karibu asilimia 87 ya ile ya Dar es Salaam, na matokeo yake kwa gari ni matatu.

La kwanza, maji yaliyo kwenye sufuria wazi huchemka Mwanza kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya gari kuchemka mapema ni mfuniko wa rejeta, unaoyaweka chini ya presha. Mfuniko ukichoka, kinga hiyo inaondoka.

La pili, upepo unaopita kwenye rejeta ni mwepesi zaidi, kwa hiyo hubeba joto kidogo zaidi kwa mwendo uleule.

La tatu ndilo wengi hawalijui. Turbo ikitakiwa kutoa bar 1 ileile ikiwa Mwanza, inaanza na hewa nyembamba, hivyo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuibana hewa zaidi. Hewa hutoka ikiwa na joto kubwa kuliko ambavyo ingekuwa pwani. Mpangilio uliofanya kazi vizuri kwenye gari la rafiki yako wa Dar es Salaam si lazima ulifae la kwako hapa.

Safari Rally ilishafundisha somo hili

Tatizo hili si geni Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani mgumu wa joto la injini: magari yaliweza kushuka hadi pwani ya Mombasa na kupanda hadi nyanda za juu, kwenye vumbi, kwa maelfu ya kilomita.

Mwaka 1983 Audi Quattro ilikuja na turbo na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mshindi akawa Ari Vatanen na Opel Ascona 400 isiyo na turbo, na Hannu Mikkola wa Audi akawa wa pili. Mwaka uliofuata Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica, na hilo likawa gari la kwanza lenye turbo kushinda Safari. Toyota ilirudia mwaka 1985 na 1986. Mwaka 1990 Waldegård alishinda tena, safari hii na Celica GT-Four, aina ambayo intakula yake ilipozwa kwa maji badala ya kutegemea upepo peke yake.

Safari haikuwa mashindano ya dakika tano. Gari lenye nguvu nyingi lililochemka njiani lilipitwa na lenye nguvu kidogo lililofika.

Kinachoua injini

Maji kuchemka ni dalili unayoiona. Hatari kubwa zaidi haionekani. Hewa ya moto ikichanganyika na petroli ndani ya silinda, mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe nje ya mpangilio wa plagi. Ukisikiliza vizuri ni kama vijiwe kwenye kopo, lakini kwenye gari lenye ekzosi ya kelele husikii kitu. Milipuko hiyo huvunja kingo za pistoni na kuunguza gasketi ya silinda hedi. Hapo ndipo unaambiwa injini imenoki.

Ubora wa petroli unaingia hapa. Subaru nyingi zenye turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kutumia petroli ya oktani ya juu, inayokaribia 100. Ya kwetu kwa kawaida iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari hujaribu kujilinda kwa kuchelewesha moto wa plagi. Hilo hupunguza milipuko, lakini joto huhamia kwenye ekzosi na turbo. Ukiongeza presha juu ya hali hiyo, kinga ya kiwandani inafika mwisho wake.

Mpangilio wa kazi

Anza na mfumo wa maji. Safisha rejeta nje na ndani. Huku ziwani, vumbi na wale wadudu wanaoruka kwa makundi jioni huziba mapezi yake taratibu. Badilisha mfuniko, mipira iliyochoka na themostati, kisha weka kulanti sahihi. Maji ya bomba au ya ziwa peke yake huleta kutu.

Pili, jua joto halisi. Mshale wa magari mengi ya Kijapani umepangwa kukaa katikati hata joto linapobadilika. Ukianza kupanda, umeshachelewa. Funga geji ya joto la maji na nyingine ya oili.

Tatu, angalia oili. Turbo inaitegemea kwa kulainisha na kupoza. Ukimaliza mwendo mkali, endesha taratibu dakika chache za mwisho au liache gari lisailensi dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili isiungue ndani ya turbo.

Nne, intakula. Kwenye Subaru nyingi imekaa juu ya injini na hupata upepo kupitia tundu la boneti. Ukikwama kwenye foleni ya Buzuruga au Igoma, upepo hakuna, na intakula inapata joto la injini iliyo chini yake. Ukichomoka hapo kwa kukanyaga mafuta yote, unaisukumia injini hewa ya moto.

Tano, na hapa tu, ndipo ije presha ya turbo, pamoja na pampu ya mafuta na nozeli zinazotosha, na mtu wa kupanga kompyuta akiwa na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Fundi anayegeuza presha kwa bisibisi bila kipimo chochote anabahatisha na mali yako.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: kutoa themostati. Injini hukaa baridi kupita kiasi wakati wa asubuhi, hula mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini, zikiwemo za Subaru, maji mengine huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Chanzo cha joto kinabaki palepale.

Na likichemsha njiani? Punguza mwendo, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho ili isaidie kutoa joto, kisha simama mahali salama. Usifungue rejeta ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha yanaweza kukuunguza uso.

La mwisho ni kwa vijana wanaotamani kushindana. Barabara ya Musoma ina watoto wa shule, ng'ombe na bodaboda zisizo na taa, na sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Mashindano yana njia iliyofungwa, waamuzi na gari la wagonjwa. Ukifika kwa fundi wiki hii, kabla hajagusa turbo, muulize swali moja: joto litakaloongezeka litatokea wapi? Akikosa jibu, ahirisha kazi hiyo na uanze na rejeta.