Mwaka Mzima Chini ya Theluji

Tukiwa mjini kwa harusi au msiba, na watu wakisikia kwamba tumetoka Kilimanjaro, swali huwa ni lile lile: "Huko kwenu theluji huwa inaanguka mpaka mlangoni?" Sisi hucheka. Kilele cha Kibo kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Nyumba zetu nyingi ziko kati ya mita 1,000 na 1,800. Kati yetu na theluji kuna msitu mkubwa, kisha vichaka, kisha jangwa la mawe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona theluji juu ya mgomba wake.

Hata hivyo, mlima ndio unaotupangia mwaka. Ndio unaotuambia lini tushuke kulima, lini tuanike mahindi, lini tumvalishe mtoto sweta mbili. Katika makala hii tunapenda kuutazama mwaka huo kama mama wa nyumbani anavyouona, kwa sababu anayeujua mapema huokoa mengi, na pengine huokoa maisha.

Jina lake la kwanza lilikuwa baridi

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, mtu wa pwani, kile ni nini. Bwana Kheri hakuwa na jina la theluji. Alisema tu kwamba ni baridi. Wasomi wa Ulaya walibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta, lakini baadaye walilazimika kukubali.

Sisi tunaoishi hapa tunaona kwamba Bwana Kheri alisema kweli kuliko alivyojua. Theluji huonwa na wageni. Wenyeji huonana na baridi.

Mlima mmoja, hewa mbalimbali

Mwanamke akipanda gari asubuhi kutoka Marangu ya juu kwenda Moshi mjini, sweta huivua njiani. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6 za Sentigredi. Kwa hiyo kijiji kilicho mita 800 juu ya mji huwa na upungufu wa nyuzi tano hivi, saa ile ile, siku ile ile.

Mvua nayo haifanani. Moshi mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ndani ya msitu wa upande wa kusini, penye mita 2,000 na ushei, mvua hupita milimita 2,000. Ukiendelea kupanda hupungua tena, na kileleni ni kame kama jangwani. Upande wa kaskazini, ambao mlima wenyewe unaukinga na upepo wenye mvua, ni mkavu kuliko kusini. Ndiyo maana shauri la mama wa Machame halimfai kila mara mama wa Rombo.

Masika: Machi hadi Mei

Kwetu mwaka wa kazi huanza na mvua ya kwanza ya mwezi wa Machi. Akina mama hushuka tambarare kupanda mahindi na maharage, na jioni hupanda tena na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mwezi wa Aprili mvua huwa kubwa kuliko miezi yote. Njia huteleza, vijito hufurika, na nepi hazikauki.

Mama mwenye busara huwa amejiandaa tangu Februari. Kuni zake ziko darini, zimekauka. Mifereji ya kuzunguka nyumba imezibuliwa. Chini ya migomba na kahawa ametandaza majani ili udongo usichukuliwe na maji, maana kwenye miteremko yetu udongo ukishuka haurudi.

Tuangalie pia homa. Huku juu mbu wa malaria ni wachache kwa sababu ya baridi, na hivyo miili ya watoto wetu haijauzoea ugonjwa huo. Mtoto aliyelala tambarare wakati wa palizi anaweza kurudi nao. Chukueni chandarua mnaposhuka. Mtoto akipata homa baada ya kurudi, msiseme ni mafua ya baridi. Mpelekeni akapimwe damu.

Miezi ya ukungu: Juni hadi Agosti

Mvua kubwa ikiisha, mgeni hudhani sasa jua litawaka. La. Upepo wa kusi huleta hewa baridi yenye unyevu, nayo ikigonga mlima hugeuka wingu. Upande wa kusini wingu hilo hukaa juu ya paa zetu siku nyingi mfululizo. Kibo hatukioni. Manyunyu hutua kwenye nywele kama umande. Usiku hapa kwetu ni wa mablanketi mawili.

Huu ndio wakati ambao tunataka kuusema kwa uzito. Mwaka mmoja, katikati ya mwezi wa Julai, jirani yetu alikuwa ametoka kujifungua. Tulikwenda kumwona na chungu cha mtori. Chumba kilikuwa na joto zuri: jiko la mkaa lilikuwa pembeni ya kitanda, na nyufa za dirisha zilikuwa zimezibwa kwa matambara. Sisi tuliokwenda tulimsifu. Mmoja wetu hata aliongeza tambara moja chini ya mlango tulipokuwa tunatoka.

Alfajiri mama mkwe wake aliingia na uji. Alimkuta mkwewe hawezi kuinua kichwa, anatapika, na mtoto amelegea kama nguo iliyoloa. Kwa rehema za Mungu alifungua mlango wazi, akawatoa wote wawili nje, akapiga kelele. Walipelekwa hospitali, nao walipona. Tukaambiwa pale kwamba haikuwa homa ya uzazi wala jicho la mtu. Ilikuwa hewa ya mkaa.

Tangu siku hiyo hatukusahau lile tambara la mlangoni. Hatukulitia kwa ubaya. Tulilitia kwa upendo na kwa kutokujua, na kutokujua ndiko tunakotaka kukuondoa kwako, mama mwenzetu.

Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaotudanganya, kwa maana macho hayawashi na kikohozi hakuna. Aliyelala haamki, hulala zaidi. Dalili zake kwa aliye macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Ukiziona, mtoe mtu nje mara moja, kisha mpeleke hospitali.

Basi tufanye hivi. Jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala, hata kwa dakika chache. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea. Mtoto mchanga apate joto la mwili wa mama, akiwekwa kifuani ngozi kwa ngozi, na kofia na soksi. Nguo mbili nyepesi zilizovaliwa pamoja hutunza joto kuliko moja nzito. Maji ya moto yakitiwa kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringwa kitambaa yatatosha kupasha kitanda moto kabla ya kulala. Mtoto akiingia, chupa itolewe.

Baridi pia huwafungia watoto jikoni penye moshi wa kuni, na moshi ni rafiki wa nimonia. Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano, 40 au zaidi. Akipumua hivyo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje kesho.

Wakati huo huo mahindi ya tambarare yamekomaa. Yaanikeni huko huko kwenye jua hadi yakauke kabisa kabla ya kuyapandisha. Mahindi mabichi yakiwekwa ghalani katika ukungu hushika kuvu, na kuvu hiyo huweza kuleta sumu isiyokwisha hata kwa kupika.

Kiangazi, vuli na wageni wa Krismasi

Septemba na Oktoba mbingu hufunguka. Majani hukauka, na moto unakuwa adui. Mwezi wa Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto uliunguza sehemu za juu za mlima siku nyingi, na watu wengi walipanda kuuzima.

Novemba na Desemba huja vuli, mvua fupi isiyotabirika kama masika. Ndipo ndugu zetu wanapofurika kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani. Siku huwa za joto, lakini wajukuu wa mjini hushangaa usiku. Andaeni mablanketi ya ziada, na waonyeni wazazi wao kuhusu lile jiko.

Januari na Februari ni miezi ya joto. Asubuhi Kibo huonekana waziwazi, na watoto hutoka nje kukitazama. Ni wakati wa kukata kuni, kutengeneza paa na kuzibua mifereji, maana masika haiko mbali.

Maji hutoka wapi?

Tunapoitazama ile theluji wengi wetu husema, "Ndiyo inayotupa maji." Na kweli inapungua. Kutoka mwaka 1912 hadi 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ongezeko la joto duniani ni sehemu ya habari hiyo, lakini pia hewa ya juu ni kavu na theluji mpya ni chache, hivyo barafu iliyopotea haipati ya kuirudishia.

Tunahuzunika, lakini tusikosee. Sehemu kubwa ya maji ya chemchemi na mifereji yetu hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Miti hiyo hukamata wingu lile lile linalotusumbua mwezi wa Julai, ikalidondosha chini tone kwa tone. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Msitu tunaweza kuulinda. Anayekata mti kwenye chanzo cha maji leo atawapeleka binti zake mbali na ndoo kesho.

Kwa hiyo, akina mama wenzetu, wageni wakiuliza habari za theluji, waonyesheni Kibo kama wingu litaruhusu. Kisha rudini ndani, mkague kuni, mablanketi na kifua cha mtoto. Na jirani akijifungua mwezi wa Julai, pelekeni mtori, na jiko la mkaa mlitoe nje wenyewe.