Mzimu Sebuleni

Filamu ya "Maangamizi", iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar, mwaka 2001. Asira, daktari kutoka Marekani, anamuuguza Samehe, mwanamke aliyenyamaza miaka mingi. Naye Maangamizi, bibi wa kale, huwatokea.

Mara ya kwanza mtazamaji hutishwa na mzimu. Akiirudia nyumbani kwa diski, hugundua kuwa kinachotisha zaidi ni kile kimya.

Kwa familia za Mzumbe hadithi hii si ngeni. Milima ya Uluguru ilisifika kwa mzimu wa Kolelo hata kabla ya Vita vya Majimaji vya 1905.

Wazazi, watoto wakiogopa, msiizime. Mwombeni bibi asimulie.