Kangaga-mti (Dicksonia antarctica)

Kangaga-mti (jina la kisayansi: Dicksonia antarctica) ni kangaga kubwa la familia Dicksoniaceae linalobaki kijani mwaka mzima. Asili yake ni misitu yenye unyevu ya mashariki mwa Australia, kuanzia Queensland hadi kisiwa cha Tasmania. Hupandwa pia katika bustani za Uingereza na Ireland.

Maelezo
Linaweza kufikia kimo cha mita 15, lakini hukua polepole, sentimita chache tu kwa mwaka. Shina lake hufunikwa na mizizi myembamba ya rangi ya kahawia.

Utunzaji
Hupenda kivuli na udongo wenye mboji. Shina zima humwagiliwa, si chini tu, kwa sababu mizizi yake ya juu nayo hunyonya maji. Kwenye baridi kali, kilele hujazwa majani makavu ili kulinda chipukizi.

Uzalishaji
Kangaga halina maua wala mbegu, bali spora zinazotokea chini ya majani. Spora hunyunyizwa juu ya udongo safi wenye unyevu, na chombo hufunikwa kwa kioo. Kwanza huota vijimea bapa vyenye umbo la moyo. Baada ya utungisho, unaohitaji maji, makangaga machanga huchipua.

Shina lililokatwa likipandwa huweza kutoa mizizi mipya, lakini kisiki kilichobaki msituni hufa, kwa kuwa chipukizi ni moja tu, nalo liko kileleni. Ndiyo maana huko Tasmania mashina yaliyovunwa kihalali hufungwa lebo rasmi.