Siri ya viraka: Jinsi tarakilishi inavyounda upya picha

MNAMO Agosti 2013, mtaalamu wa tarakilishi nchini Ujerumani, Bw David Kriesel, alifichua jambo lililowatia wengi wahaka. Mchoro wa nyumba uliosomwa na mashine ya kunakilia ya kampuni ya Xerox ili kuhifadhiwa katika tarakilishi ulitoka safi, usio na doa, ila vyumba vitatu vya ukubwa tofauti vilikuwa na kipimo kimoja: mita mraba 14.13. Katika mchoro asilia, viwili kati ya hivyo vilikuwa na mita mraba 21.11 na 17.42.

Wino haukuwa umefifia wala karatasi haikuwa imekunjika. Mashine yenyewe ndiyo iliyobadilisha tarakimu, na kiini cha kosa hilo ni wazo ambalo wanasayansi wa picha wamelitegemea kwa miaka mingi: kuihifadhi picha kwa viraka.

Kwa tarakilishi, picha ni jedwali la nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Picha yenye nukta 1,000 kila upande ina nukta milioni moja, lakini nyingi husema jambo lile lile. Mathalani, mchoraji wa leso hahitaji kubuni upya kila ua la pindo. Huchora moja, kisha akalirudia. Ndivyo ulivyo ukuta wa matofali au mchanga wa ufuoni. Kiraka cha nukta saba kwa saba kikikatwa hapa, mwenzake hupatikana pale.

Mwaka wa 2005, Antoni Buades, Bartomeu Coll na Jean-Michel Morel waliutumia ufanano huo kusafisha picha zenye chengachenga. Walitafuta viraka vinavyofanana popote vilipo katika picha, kisha wakachukua wastani wake. Chengachenga huja kiholela ilhali umbo halisi hudumu. Kwa hivyo wastani wa viraka 16 hupunguza chengachenga hadi robo.

Hata hivyo, miaka miwili kabla ya hapo, Nebojsa Jojic, Brendan Frey na Anitha Kannan walikuwa wameibana picha zaidi. Waliunda kile walichokiita, kwa neno lenye asili ya Kigiriki, muhtasari: picha ndogo ambayo ndani yake mna viraka vyote muhimu vya ile kubwa. Muhtasari wa nukta 100 kwa 100 ni asilimia moja tu ya picha ya nukta milioni moja. Pamoja nao huwekwa ramani inayoonyesha kila kiraka cha picha kubwa kimetoka sehemu gani ya muhtasari. Viraka hupandana, hivyo mishono haionekani, na kila nukta hubeba rangi ya wastani pamoja na kiwango ambacho rangi hiyo hubadilika.

Ramani hiyo hufanya kazi ya pili. Viraka vyote vya anga vikielekea pembe moja ya muhtasari, na vya nyasi pembe nyingine, tarakilishi huweza kutenga anga na nyasi bila kuambiwa na mtu ipi ni ipi. Watafiti hao waliongeza muhtasari wa maumbo, unaosaidia kutofautisha kitu kilicho mbele na mandhari iliyo nyuma yake.

Tatizo ni kiraka kisicho na mwenzake. Mashine iliyomshtua Bw Kriesel ilitumia mfumo uitwao JBIG2, ambao huhifadhi alama moja na kuirudia kila inapoona nyingine inayofanana nayo. Katika maandishi madogo, 6 na 8 hutofautiana kwa nukta chache mno. Picha yenye ukungu angalau hukiri udhaifu wake; hii iliweka 8 iliyonyooka mahali pa 6, kwa uso mkavu.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi hospitalini. Uvimbe mdogo katika picha ya mapafu ni kiraka adimu, na mbinu inayopenda kinachojirudia yaweza kuufuta ikidhani ni uchafu.

Mitambo ya sasa ingali inakata viraka. Mwaka wa 2020 watafiti wa Google waligawa picha ya nukta 224 kila upande katika viraka 196. Mwaka uliofuata, wenzao wa Facebook walificha asilimia 75 ya viraka hivyo na kuifunza tarakilishi kuvijaza. Tofauti ni kwamba ujuzi wa kujaza pengo sasa hutoka katika picha nyingine zaidi ya milioni moja, wala si katika ile inayotazamwa pekee.

Xerox ilianza kutoa programu ya marekebisho mwezi huo huo wa Agosti 2013. Nyaraka zilizokwisha kusomwa hazingeweza kurekebishwa nayo, na aliyekuwa ametupa karatasi asilia hakuwa na cha kulinganishia.