Fedha za droo ni za nani?

Wafanyabiashara wengi huwaweka watoto wao dukani wakati wa likizo. Mtoto hujifunza kupima sukari na kurudisha chenji, lakini hafundishwi fedha za kwenye droo ni za nani. Akiona mauzo ya sh. 200,000, hudhani baba ana sh. 200,000. Siku akirithi duka, kitu cha kwanza kuliwa ni mtaji.

Anza na droo hiyo hiyo. Mbele yake, tenga fedha za kununulia mzigo mwingine, kisha pango, umeme na mshahara wa kijana wa dukani. Kinachobaki ndicho faida. Mara nyingi ni kidogo kiasi cha kumshangaza mtoto, na pengine mzazi pia.

Akishaielewa droo, kampuni haitamshinda. Katika kila sh. 100 za faida, kampuni ya Tanzania kwa kawaida hulipa kodi ya mapato sh. 30. Tuseme mkutano wa wanahisa umepitisha nusu ya sh. 70 zilizobaki iwe gawio, nusu ibaki kupanua kiwanda. Kwa kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, gawio hukatwa kodi ya zuio asilimia 5. Wenye hisa wanagawana sh. 33.25.

Chukua hesabu za kampuni zilizochapishwa gazetini, mpe mtoto kalamu atafute mauzo, kodi na gawio. Mwaka usio na gawio usimfiche. Ataona kwamba wafanyakazi, benki na serikali walilipwa, na mwenye hisa akakosa.