Shamba la Marehemu na Ubwiriunga wa Jirani

Msimu wa ubwiriunga unapokaribia, mazungumzo ya wakulima wa Newala na Masasi huwa ni bei ya salfa. Sisi tunaotunza kumbukumbu za kamati ya msikiti, na ambao huitwa kushuhudia mgawanyo wa mirathi, tungependa kuzungumzia shamba la marehemu ambalo halijagawanywa. Warithi wametawanyika, mmoja Dar es Salaam, mwingine Mtwara. Mikorosho haina wa kuipogolea wala kuipulizia. Korosho zikianza kudondoka, ndipo kila mmoja hukumbuka fungu lake.

Hasara ya shamba kama hilo haiishii mpakani. Ubwiriunga husababishwa na kuvu inayosafiri kwa upepo, nayo huishi mwaka mzima kwenye maotea, yaani machipukizi laini yanayoota kwenye shina na ndani ya kivuli cha mti. Hapo husubiri majani mapya na maua, kisha huruka kwenda kwa jirani ambaye amekwisha kulipia dawa yake.

Historia yetu inatufundisha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa huu, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, haukuwa sababu pekee. Bei zilikatisha tamaa, na Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao. Lakini miti iliyobaki bila mtunzaji ndiyo iliyoupa ugonjwa makazi.

Dalili zake ni unga mweupe au wa kijivu kwenye majani machanga na mashada ya maua, hasa kati ya Juni na Septemba, usiku unapokuwa wa baridi na asubuhi zina ukungu. Majani hujikunja, maua hubadilika rangi kuwa kahawia na kupukutika kabla ya kufunguka, korosho changa na mabibo hupata makovu na mipasuko. Ukiona madoa ya kahawia kana kwamba majani yameungua, huenda ni blaiti, ambayo salfa si dawa yake. Muone ofisa ugani kabla ya kununua.

Tiba huanza na panga. Mavuno yakiisha, kata matawi makavu na yanayogusana na mti wa pili, ili hewa na jua vipenye. Kabla ya maua, ondoa maotea yote. Mashada ya kwanza yanapochomoza, pulizia salfa ya unga, robo kilo kwa mti mkubwa, na urudie kila baada ya wiki mbili. Fanya kazi hiyo alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia. Salfa hukinga, shada lililokwisha kuungua haiwezi kulifufua. Anayepanda upya aache mita 12 kati ya mti na mti, na atafute miche iliyobebeshwa ya mbegu stahimilivu zilizotafitiwa Naliendele.

Mpuliziaji azibe pua na mdomo na akinge macho. Nguo zake zifuliwe peke yake, na salfa isiwekwe chumba wanacholala watoto.

Tunarudi kwa warithi. Mgawanyo ukichelewa, wampe mmoja wao uwakili kwa maandishi mbele ya mashahidi, kabla ya Mei. Gharama za kupogolea na salfa zitolewe kwanza katika mauzo, ndipo kila mwenye haki apewe chake. Wenye kuumia zaidi na ucheleweshaji ni mjane na yatima, ambao hawana shamba lingine la kutegemea. Na jirani naye ana haki: asidhurike kwa sababu ndugu sita hawajakubaliana nani ashike panga.

Wabillahi tawfiq.