'Fegato': ini lililopewa jina la tini

Wanafunzi wetu wa isimu huamini upesi kwamba kila neno la Kiitaliano limerithi umbo na maana ya neno moja la Kilatini. Neno 'fegato', yaani ini, latufundisha kuwa na hadhari.

Warumi waliliita ini 'iecur'. Lilikuwa neno la ukoo mkongwe: nduguze ni 'yakrt' la Kisanskriti na 'hepar' la Kiyunani, ambalo Kifaransa kimeundia 'hépatite'. Lakini Kiitaliano hakikulirithi.

Sababu ilitoka jikoni. Wayunani waliwanenepesha wanyama kwa tini, na ini lao wakaliita 'hepar sykoton', kutoka 'sykon', tini. Warumi wakaifuata njia hiyohiyo: kutoka 'ficus', tini, wakaunda 'iecur ficatum'. Plinius, mwandishi wa karne ya 1, asimulia kwamba Apicius alilisha nguruwe tini zilizokaushwa ili kupata ini la namna hiyo. Baadaye nomino ikaachwa, kivumishi kikabaki peke yake. 'Ficatum' likawa jina la ini lolote, hata la binadamu. Kiyunani cha leo nacho husema 'sykoti'.

Sauti nazo zina ushahidi wake. 'Ficus' lilikuwa na 'i' ndefu, ambayo Kiitaliano huihifadhi: 'fico'. Lakini 'e' ya 'fegato' yadai 'i' fupi, kama 'pilus' lilivyozaa 'pelo', unywele. Mkazo pia ulihamia silabi ya kwanza, na 'c' ikawa 'g', kama katika 'lacus' na 'lago', ziwa. Kiromania, chenye 'ficat', kimeuacha mkazo mahali pake pa kale. Ndiyo maana Mwitaliano asemaye 'fegato' hasikii tena tini ndani yake.

Basi 'foie' la Kifaransa na 'hígado' la Kihispania si wazazi wa 'fegato', bali ni ndugu zake. Na ndugu hawafanani tabia: kwa Mwitaliano, mwenye 'fegato' ni shujaa; kwa Mfaransa, 'avoir les foies' ni kuogopa; nasi Waswahili twasema maneno machungu hukata maini.

Kwa hiyo, atafutaye asili ya neno asitosheke na mfanano. Achunguze kanuni za sauti, kisha aulize watu walikula nini, walifuga nini, na neno lipi walilidondosha njiani.